Namna ya kupima umri wa miamba ya zamani iliyopikwa sana

Kama una granulaiti au naisi ya zamani (miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini sana ardhini), kabla ya yote jiulize unatafuta umri wa nini hasa, maana jiwe la hivo limepita kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, saa ingine mara mbili tatu, na kila tukio linaweza kuwa limeacha tarehe yake humo ndani. Mashine itakupa namba tu, kujua ni namba ya tukio gani hiyo ni kazi yako.

Anza na zirkoni, yale madini ya punje ndogo ngumu. Saga jiwe, tenganisha punje kwa uzito na sumaku, zigandishe kwenye epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) afu zisugue mpaka ufike katikati. Zirkoni ikikua inapokea urani ila risasi inaikataa, kwa hiyo risasi utakayoikuta karibu yote imezaliwa humohumo kutokana na urani kuoza. Nusu ya urani-238 inaoza kwa miaka bilioni 4.47 na ya urani-235 kwa milioni 704, yaani punje moja inakupa majibu mawili ya kulinganisha.

Sasa hapa ndo pa kutulia: usipige leza wala miali ya ioni ya kupimia kabla ya kupiga picha za kathodoluminesensi (mwanga unaotoka punje ikipigwa na elektroni). Picha ndo zinakuonesha kiini cha zamani na magamba yaliyoota juu yake wakati wa metamofia (yaani huko kupikwa kwa jiwe), na ukipiga mpakani unapata umri mchanganyiko ambao hakuna kitu kilitokea siku hiyo. Naisi za Acasta kule Kanada, za miaka kama bilioni 4, zimesomeka kwa kutenganisha hivohivo.

Majibu yale mawili ya urani yakigongana, mara nyingi risasi imevuja. Ila na kinyume chake kipo, kwenye miamba ya Napier huko Antaktika risasi ilihama ndani ya punje ikajikusanya sehemu sehemu, ukipima hapo unapata umri mkubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo namba kubwa sana isikupe furaha haraka.

Usitegemee uwiano mdogo wa thori kwa urani peke yake kusema gamba ni la metamofia, kwenye granulaiti unadanganya sana. Mimi naamini zaidi elementi adimu (kundi la metali kama lanthani na iterbi): garneti, madini yanayoota jiwe likipikwa, inameza zile nzito, so zirkoni iliyokua pamoja nayo inabaki na chache. Monazaiti, madini mengine yenye thori na urani, nayo ipime ikiwa bado ndani ya kipande chembamba cha jiwe, uone imekaa ndani ya garneti au nje. Biotiti (mika nyeusi) kwa potasiamu-agoni, yaani potasiamu inayooza kuwa gesi ya agoni, iache mwisho, hiyo inakwambia tu lini jiwe lilipoa kufika nyuzi 300 hivi.