Jinsi ya kuadhimisha Siku ya Mashujaa mtaani kwenu isiishie kwenye tivii

Kila ikikaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa hapa Tanzania, ubishi ni uleule, wengine wanasema hii siku ni ya wakubwa tu, maua na bendera basi, wengine wanakasirika wanasema watu walimwaga damu acheni kejeli. Mimi naamini siku yenyewe ni ya kweli kabisa. Ukimuona Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, mzee aliyepigana vita anaweka shoka, alafu viongozi wa dini wanaomba mmoja baada ya mwingine, pale hakuna anayeigiza. Tatizo liko huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, mashujaa tunaishi nao na siku inapita hakuna aliyewapigia hata hodi. Siyo siku ya mapumziko, watu wako makazini, na Mbeya kipindi hicho akili zote zimeshahamia maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale.

Kwa hiyo anzeni mapema, Juni hivi, na mwanzo wa yote ni majina. Nendeni kwa mabalozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa muulize nani alienda vita ya Kagera. Msiulize "wanajeshi wastaafu", maana hapo mtatajiwa wale wa pensheni tu na mgambo mtawakosa. Idi Amin wa Uganda alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita tarehe 2 Novemba, mgambo kwa maelfu wakachukuliwa huku vijijini, Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, na vita ilipoisha wengi wao walirudi makwao kushika jembe kama hakuna kilichotokea. Aliyekuwa na miaka 20 kipindi kile sasa anakaribia 70, kwahiyo msiseme mtafanya mwakani.

Muwaulizie pia wajane, na familia ambazo mtoto wao hakurudi. Hao ndio wanaosahaulika kuliko wote. Makaburi ya mashujaa wa vita ile yako Kaboya, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, sasa mama wa Tukuyu au Kilolo mpaka afike Kaboya avuke nchi nzima, nauli anaitoa wapi? Jina la mtoto wake likisomwa kwa sauti hapo mtaani kwake, mbele ya majirani zake, kwangu mimi hilo linazidi gwaride lolote.

Kumtembelea mzee mwende wawili au watatu, msiende kundi. Shikamoo kwanza, na kama ni Mnyakyusa au Mhehe msalimieni kwa lugha yake, mkae, mnywe chai, simu zibaki mfukoni mpaka mmeomba ruhusa ya kurekodi na amekubali. Muulizeni nani alikuja kumchukua, walisafirije, walikula nini, rafiki zake walikuwa kina nani, na siku anarudi nyumbani alimkuta nani mlangoni. Msimuulize aliua wangapi, tafadhali sana. Akinyamaza mwacheni anyamaze, akitaka kuishia hapo ishieni hapo. Majina ya wenzake yaandikeni kwenye daftari, na rekodi muwape watoto wake kopi kwenye memori kadi, simu zetu hizi zinaibiwa.

Siku yenyewe iwe ndogo. Julai huku baridi inauma kwelikweli, msiwatoe wazee alfajiri, wekeni saa nne jua limetoka, viti vyao viwe juani, na hela ya kuprinti tisheti nunueni mablanketi. Wazee waongee kwanza, diwani atafuata. Kama mko Iringa wapelekeni wanafunzi Lugalo, pale kuna mnara wa Wajerumani waliouawa na jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891, alafu waulizeni hao wanafunzi, Wahehe waliokufa siku ileile majina yao yameandikwa wapi. Watoto wataelewa wenyewe kwanini mnazunguka na daftari.

Sasa ikishapita tarehe 25 ndo kazi inaanza, na hapa ndipo mitaa mingi inapochemka. Chagueni vijana wawili kwa kila mzee. Kama ana miaka 60 au zaidi na hajiwezi, sera ya afya inamruhusu kutibiwa bure, ila lazima atambuliwe kuanzia ofisi ya mtaa au kijiji, kwa hiyo mpelekeni kwa mtendaji, mkae nae mpaka barua itoke, alafu siku ya kliniki mmoja wenu awe nae kwenye foleni, maana mzee akiambiwa dawa hakuna nenda duka la nje anaondoka tu kimyakimya, kijana atauliza. Mwenye pensheni inayosumbua mwangalieni makaratasi yake, namba na majina yafanane na kitambulisho cha NIDA, herufi moja ikikosewa inaweza kumzungusha miezi. Mjane mwangalieni kama ana cheti cha ndoa na cha kifo, kama hana anzeni nacho hicho kwanza kabla ya fomu nyingine yoyote.