Kuomba kibali cha eneo la dampo: kina cha maji kipimwe masika pia

Halmashauri yetu imetoka kupata cheti cha mazingira kwa dampo jipya, na safari ilikuwa ndefu kuliko ilivyopaswa. Naandika kwa maafisa mazingira na wenyeviti wa vijiji ambao kazi hii inawasubiri.

Kusajili mradi NEMC, baraza la mazingira la taifa hapa Tanzania, si kazi ngumu. Kazi ipo kwenye eneo lenyewe. Kabla ya kumlipa mtaalamu elekezi wa kuandaa ripoti ya mazingira, chukueni ramani mfute yasiyofaa: mabonde yanayofurika, na sehemu zilizo ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu. Angalieni pia viwanja vya ndege; miongozo ya usafiri wa anga hutumia umbali wa kilomita 13. Nairobi ilipotaka kuhamishia dampo lake Ruai ilikwama, kwa sababu mamlaka za anga ziliogopa korongo, wale ndege wakubwa wanaofuata taka, wasije wakagongana na eropleni.

Kisha maji, na hapa ndipo muda na fedha zetu vilipokwenda. Kampuni iliyopewa kazi ilichimba mashimo ya majaribio Septemba, ardhi ikiwa kavu, ikaandika kwamba maji yako mbali. Wakaguzi walipofika Aprili walikuta shimo moja limejaa karibu na mdomo. Ripoti ikarudishwa, tukalipia uchimbaji upya. Wakaguzi walikuwa na haki: maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka yakifika kwenye maji ya chini, visima vya kijiji kizima vimekwisha.

Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba kina cha maji kitapimwa kiangazi na masika, kwenye mashimo yale yale, na udongo uelezwe kila mita. Mfinyanzi unazuia, kichanga kinapitisha. Waulizeni pia akina mama wanaoteka maji ni kisima kipi kinapanda haraka mvua zikianza. Wa kwetu walilijua jibu kabla ya kampuni.

Kwa ardhi ya kijiji, muhtasari wenye sahihi za halmashauri ya kijiji peke yake hautoshi. Mkutano mkuu wa kijiji lazima uridhie, na orodha ya mahudhurio iambatishwe. Msiuitishe siku ya gulio wala wakati wa palizi, maana wenye mashamba yanayoguswa ndio watakaokosekana, na malalamiko yao yatawafuata hadi wizarani. Wana haki ya kusikilizwa, na ya kulipwa fidia kabla tingatinga halijaingia.

Mwisho, ombeni ardhi kubwa kuliko shimo la taka. Kiteezi, Kampala, lundo liliporomoka Agosti 2024 likafukia nyumba zilizokuwa chini yake, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mkanda usiojengwa kuzunguka dampo uonekane kwenye mchoro wa upimaji, na mawe ya mipaka yawekwe mara fidia ikishalipwa, kwa sababu barabara ya magari ya taka ikichongwa tu, watu wanaanza kuuziana viwanja pembeni yake.