Jinsi ya kutembelea vijiji vya pwani Saint Lucia

Watu wengi wakitua Saint Lucia, kisiwa cha Karibiani, wanadakwa na gari la hoteli pale pale airport ya Hewanorra, wanapelekwa kaskazini Rodney Bay, kama saa moja na nusu ya kona na milima, af wiki ikiisha wanarudishwa. Sasa kinachochekesha ni kwamba airport yenyewe iko kusini, Vieux Fort, na Laborie iko hapo jirani tu, kijiji cha wavuvi ambacho wengi wanakipita bila hata kugeuza shingo. Mimi ningeanzia hapo.

Kabla ya kukata tiketi cheki visa, na kama ndege yako inapita Marekani jua kabisa kwamba tranziti nayo inataka visa hata kama hutoki nje ya airport.

Usafiri ni Hiace, yani daladala kabisa, inajaza ndo inaondoka, ila kondakta hakuna, unamwambia dereva mwenyewe unaposhuka na unamlipa yeye. Plate namba ya basi inaanza na M, ya teksi TX, usichanganye maana bei ni mbingu na ardhi. Nenda stendi ya Vieux Fort uulize ya Laborie au ya Choiseul, kijiji kingine cha pwani. Jioni magari yanapungua na Jumapili ndo kabisaa, kwa hiyo muulize dereva wa asubuhi gari ya mwisho ni saa ngapi, usisubiri jua lizame.

Kitu muhimu kuliko vyote ni salamu. Ukipanda basi au ukiingia dukani sema "good morning" kwanza ndo useme shida yako, ukianza na "maji bei gani" wanakuona huna adabu, na hapo sisi hatuhitaji kufundishwa. Wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kwéyòl, krioli yao iliyotokana na Kifaransa, basi ukitupia "bonjou" (habari) na "mèsi" (asante) unaona uso unafunguka. Usitembee mtaani na nguo ya kuogelea, jifunge hata kanga. Na nguo za kombati acha nyumbani, raia kuvaa ni kosa kisheria, hata kofia.

Beba cash. Dola ya Marekani wanapokea lakini chenji inarudi kwa dola yao ya East Caribbean, ambayo imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja tangu 1976, so hesabu ni rahisi.

Asubuhi kunywa cocoa tea, ni kakao ya kusaga na maziwa, mdalasini na kungumanga, pamoja na bakes ambazo kwa macho utasema mandazi. Ukisikia "green fig and saltfish" usitafute tini, fig kwao ni ndizi, yaani ni ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi, mtu aliyekula ng'onda hatashangaa. Halafu kuna seamoss: ni mwani, Laborie na Praslin wanaulima baharini kwenye kamba kama kina mama wa Paje, Zanzibar, tofauti ni kwamba Saint Lucia wanauchemsha mpaka unakuwa uji mzito, wanatia maziwa na viungo, wanakunywa baridi. Kwetu tunaufunga kwenye magunia tunauza nje, kuonja tu wengi hatujaonja.

Kuogelea, kaa upande wa magharibi na kusini, ghuba ya Laborie ina miamba inayovunja mawimbi. Upande wa Atlantiki maji yanavuta. Pia chunga mti wa manchineel ufukweni, una vitunda vya kijani kama tufaha dogo, ni sumu, na utomvu wake unaunguza ngozi, hata kujikinga mvua chini yake unatoka malengelenge. Mingine imepakwa rangi nyekundu, mingine haina alama yoyote.

Ijumaa usiku panda hadi Anse La Raye, kijiji cha wavuvi pwani ya magharibi, barabara ya ufukweni inafungwa, majiko yanawashwa, samaki wa kwenye foili, kamba koche wakiwa kwenye msimu. Ila kurudi kusini usiku ule basi usilitegemee, panga teksi mapema na mkubaliane bei kabla hujakaa kula.