Kumfuatilia babu aliyeruka na ndege za mabomu za Ujerumani: tafuta wafanyakazi wote wa ndege

Baada ya mazishi ya bibi yake mume wangu, mama mkwe alinikabidhi kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na picha saba, furushi la barua na daftari pana lenye jalada gumu. Babu alikuwa mwendesha redio wa ndege ya mabomu tangu 1940, na hakuna aliyewahi kumsikia akilisema hilo kwa kinywa chake. Tangu siku ile nimezisaidia familia nyingi kufanya kazi hiyohiyo, baadhi zikiwa za Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa huku Ujerumani, ambao watoto wao sasa wanauliza maswali. Nawaandikia hao, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Jambo moja liweke kichwani tangu mwanzo. Ndege hizi hazikuruka na mtu mmoja. Heinkel He 111 kwa kawaida ilibeba watu watano, Junkers Ju 88 na Dornier Do 17 wanne. Karatasi za babu yako zikipotea, za mwenzake huenda zipo. Nyaraka nyingi za jeshi la anga la Ujerumani ziliteketezwa vita vilipokuwa vinakwisha mwaka 1945, kwa hiyo anayemtafuta mtu mmoja tu hukwama mapema.

Hatua ya kwanza: malizia nyumbani

Unahitaji jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na mahali alipozaliwa. Kisha tafuta vitabu vitatu: Wehrpass, kitabu cha utumishi ambacho kwa kawaida kilitunzwa na kikosi, Soldbuch, kitambulisho alichotembea nacho mfukoni, na Flugbuch, daftari la safari za angani. Ukipata Flugbuch, umepata hazina.

Geuza kila picha uangalie mgongoni. Usitupe bahasha. Anwani ya askari wa jeshi la anga ina namba inayoanza na herufi L, na mara nyingi hufuatwa na jina la ofisi ya posta ya kijeshi ya eneo lile, kwa mfano Paris au Brüssel. Namba hiyo ina orodha zake zinazoonyesha ni ya kikosi gani, na muhuri wa posta unakupa tarehe.

Hati za wakati ule zitakutesa macho. Watoto wa shule walifundishwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani mpaka 1941, na herufi yake ya e ukiitazama haraka utadhani ni n. Chapisha jedwali la herufi hizo, ulibandike ukutani, anza na majina unayoyajua tayari. Wiki mbili zinatosha kuzoea.

Na tahadhari: familia nyingi husema "alikuwa rubani" kwa mtu yeyote aliyevaa sare ya jeshi la anga. Kama koti lake bado lipo, angalia rangi ya kola. Manjano ni kikosi cha kuruka au askari wa miavuli, nyekundu ni mizinga ya kutungulia ndege, kahawia ni mawasiliano. Nimewahi kumwambia mzee mmoja kwamba baba yake hakuruka hata siku moja. Alinyamaza kitambo, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Hatua ya pili: andika Berlin mapema

Ofisi iliyotunza taarifa za vifo, majeruhi na mateka wa jeshi la Ujerumani ilianzishwa Agosti 1939, na watafiti wengi bado wanaiita WASt. Tangu Januari 2019 iko chini ya Bundesarchiv, yaani Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Fomu ya maombi iko kwenye tovuti yao. Sheria inalinda taarifa za mtu kwa miaka 10 baada ya kifo chake, na kama mwaka wa kifo haujulikani, miaka 100 baada ya kuzaliwa, hivyo ambatisha cheti cha kifo.

Tuma kwanza, kisha endelea na hatua nyingine, maana majibu huchukua miezi mingi. Waombe waangalie orodha za Erkennungsmarke, kibati cha shingoni kilichovunjwa vipande viwili askari anapokufa. Vikosi vilipeleka orodha za watu walioingia na waliohama, na humo ndimo unapomwona babu akitoka chuo cha mafunzo kwenda kikosi cha vita. Ombi la kadi ya uanachama wa chama cha Nazi lifanye peke yake, katika hifadhi hiyohiyo ya Berlin. Kuna wanaoliruka swali hili kwa hofu. Usiliruke. Mtoto wako atakuuliza, na "hatukuangalia" halitamtosha.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma jina la kikosi

Hapa ndipo nilipopoteza nusu mwaka. Barua moja iliandika "II./KG 55", mimi nikanakili "2./KG 55", nikaanza kufuatilia watu wasio wake. KG ni Kampfgeschwader, kundi kubwa la ndege za mabomu. Namba ya Kirumi ni Gruppe, namba ya kawaida ni Staffel, kikosi kidogo ndani yake. Staffel ya 1 hadi ya 3 ni za Gruppe I, ya 4 hadi ya 6 ni za Gruppe II, ya 7 hadi ya 9 ni za Gruppe III. Kwa hiyo Staffel ya 2 iko ndani ya Gruppe I, na mwaka 1940 Gruppe I ya KG 55 ilikuwa Dreux, Ufaransa, wakati Gruppe II ilikuwa Chartres, Ufaransa hiyohiyo. Watu wengine, uwanja mwingine.

Ubavu wa ndege kwenye picha unakuambia yote hayo. Chukua alama kama G1+KN. G1 ni KG 55. K ni ndege yenyewe. Herufi ya mwisho ndiyo Staffel: H ni ya 1, K ya 2, L ya 3, M ya 4, N ya 5, P ya 6, R ya 7, S ya 8, T ya 9. Ukiona herufi nne tupu bila tarakimu, huenda hiyo ni ndege ya mafunzo au iliyotoka kiwandani karibuni.

Hatua ya nne: fungua Flugbuch taratibu

Ukurasa una safu za namba ya safari, jina la rubani chini ya "Führer", abiria wengine chini ya "Begleiter", aina ya ndege, alama yake, madhumuni, mahali na saa ya kuondoka na kutua, muda na maelezo. Miezi ya mwanzo utaona mazoezi tu. Kisha siku moja linatokea neno Feindflug, safari dhidi ya adui. La babu liliandikwa kwa kalamu ya risasi, na limekandamizwa hadi linapapasika upande wa pili wa karatasi.

Usikimbilie safari za vita. Anza na safu ya majina. Andika kila jina na tarehe ya kwanza na ya mwisho linapotokea. Utaona rubani mmoja akijirudia miezi minane, mshika bunduki akibadilika ghafla. Mabadiliko hayo yana sababu, na sababu hiyo mara nyingi imeandikwa mahali pengine.

Hatua ya tano: wafuate wenzake

Mahali hapo pengine ni taarifa za hasara za ndege, zilizokusanywa na mkuu wa ugavi wa jeshi la anga. Ziko Freiburg, katika tawi la kijeshi la Bundesarchiv, mfululizo RL 2-III. Kila mstari unataja tarehe, kikosi, mahali, chanzo, namba ya kiwanda ya ndege na uharibifu kwa asilimia. 100 maana yake haikurudi kazini tena. Kisha watu: F rubani, B mwangalizi aliyeelekeza njia na kuachia mabomu, BF mwendesha redio, BM fundi, BS mshika bunduki. Taarifa za 1944 na 1945 zina mapengo makubwa.

Daftari letu linakatika Juni 1941. La pili halikupatikana. Nilipotafuta jina la babu sikupata kitu. Nikamtafuta rubani wake, nikamkuta Julai 1941, Ukraine, ameuawa. Mstari wa chini yake, BF, amejeruhiwa: babu, jina lake la ukoo likiwa limekosewa herufi moja.

Kwa waliokufa, tafuta pia makaburi kwenye orodha ya mtandaoni ya Volksbund, shirika la Ujerumani linalotunza makaburi ya vita. Wengi walioanguka Uingereza wamezikwa Cannock Chase, Staffordshire, na mara nyingi wenzake wamelazwa jirani.

Hatua ya sita: soma maandishi ya upande wa pili

Waingereza waliichunguza kila ndege iliyoanguka kwao na kuwahoji walionusurika. Ripoti hizo ziko Nyaraka za Taifa, Kew, London, katika mfululizo AIR 40. Katika WO 208 kuna mazungumzo ya mateka yaliyorekodiwa kwa siri. Wahusika humo kwa kawaida hawatajwi kwa majina, na baadhi ya maneno ni mazito kuyasoma.

Kisha chukua kila Feindflug uutafute mji wenyewe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya raia waliouawa, na unaweza kutafuta kwa mji na tarehe.

Kwetu mstari ni 14.11.40, Coventry, mji wa Uingereza, dakika 212. Usiku ule, chini ya mwezi mpevu, watu 568 waliuawa na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli likateketea. Niliichapisha orodha ya waliokufa nikaiweka kwenye faili, nyuma ya nakala ya ukurasa huo. Binti yangu, kitukuu wa mwendesha redio yule, alikuwa na miaka kumi na moja alipoiona. Aliisoma akifuata kwa kidole, akasimama kwenye jina la mtoto wa umri wake, akauliza kama babu mkubwa aliwahi kulijua jina hilo. Nikamwambia hapana. Akachukua penseli, akaliandika pembeni mwa nakala, mkabala na zile dakika 212.