Somo: Kusoma hataza za wenzako na kuandika madai yako, kuanzia utafutaji hadi kuwasilisha

Mafundi wengi wa Katwe, Jinja na Arua huanzia mwisho. Wanachomelea kitu, kikifanya kazi wanakimbilia kuuliza ada ya hataza (patent, haki ya kulinda uvumbuzi) ni kiasi gani. Kumbe kazi kubwa iko kabla ya hapo. Madai ya hataza, yaani sentensi zinazotaja kinacholindwa, ni mipaka ya shamba, na huwezi kupima shamba lako bila kujua mawe ya majirani yako wapi.

Mfano wetu wa kujifunzia ni sigiri ya makaa inayofunga hewa yenyewe sufuria ikiondolewa, ili makaa yasiteketee bure mama anaposonga posho pembeni. Ni mfano tu. Msiuchukue kuwa ni uvumbuzi mpya.

HATUA YA 1: Jua unaomba nini

Kwa Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2014, hapa Uganda kuna njia tatu. Hataza kamili hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha. Inadai vitu vitatu: upya duniani kote, hatua ya uvumbuzi (yaani fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia moja kwa moja), na kufaa kwa uzalishaji. Yutiliti modeli (utility model, ulinzi wa maboresho madogo) hudumu miaka 10 na haidai hatua ya uvumbuzi, ila upya na kufaa ni lazima. Ya tatu ni usajili wa umbo, unaolinda sura ya kitu na si jinsi kinavyofanya kazi. Ni miaka 5, na huongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara.

Kwa vifaa vya jikoni, vya shamba na vya baiskeli, yutiliti modeli ndiyo inayowafaa wengi. Watu huidharau kwa sababu ya jina la hataza kamili, halafu ombi linaangukia kwenye hatua ya uvumbuzi.

HATUA YA 2: Tafuta kwa namba ya kundi, si kwa jina la kitu

Ukiandika "charcoal stove" kwenye Espacenet, Patentscope au Google Patents (hifadhi za hataza mtandaoni, zote ni bure), utapata rundo lisilosomeka, na utakosa hati ambazo mwandishi aliita kitu hichohicho "kifaa cha mwako". Kila hati imepangwa katika makundi ya kimataifa yanayoanza na herufi A hadi H. Majiko ya nyumbani ya makaa na kuni yako F24B. Majembe ya mkono yako A01B 1, vyombo na vifuniko B65D, vyandarua A47C 29. Ingiza namba ya kundi kwanza, kisha ongeza neno moja au mawili ya kazi yenyewe: "damper" (kilango cha hewa), "lever" (wenzo), "pot support" (kikalio cha sufuria). Badilisha maneno mara tano au sita, namba ibaki ileile.

Tafuta pia vitu vya kale. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipewa hataza ya tairi la hewa kule Uingereza. Baadaye ikabatilika, kwa sababu Robert William Thomson alikuwa ameshapata hataza ya wazo hilohilo mwaka 1845. Miaka 43 ilikuwa imepita, na tairi la Thomson lilikuwa limesahaulika sokoni, lakini karatasi haikusahau. Kampuni ya tairi za Dunlop ilijiokoa kwa kununua hataza za Welch na Bartlett za namna ya kushika tairi kwenye rimu. Somo la hapo ni la kazi kabisa: wazo kubwa likiwa si jipya, namna ya kulifunga au kulishikilia inaweza kuwa mpya bado.

HATUA YA 3: Soma ukurasa wa kwanza kwa namba za mabano

Kila ukurasa wa mbele una namba ndogo zinazofanana dunia nzima, hata hati ikiwa ya Kichina. (11) ni namba ya hati, (22) siku ya kuwasilisha, (30) kipaumbele (ombi la kwanza kabisa na tarehe yake), (51) kundi, (54) jina la uvumbuzi, (57) muhtasari, (71) mwombaji, (72) mvumbuzi, (73) mmiliki. Herufi za mwisho wa namba nazo zina maana: kwa kawaida A ni ombi lililochapishwa tu, B ni hataza iliyotolewa, U ni yutiliti modeli. Usitishwe na hati ya A. Huenda haikukubaliwa kamwe. Lakini kwa swali la upya, A ina nguvu sawa na B, maana imeshachapishwa.

HATUA YA 4: Ruka maelezo, nenda kwenye madai

Muhtasari haulindi kitu. Michoro peke yake hailindi kitu. Kinacholindwa ni madai, na kwa kawaida dai la 1 ndilo pana kuliko yote.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda mkononi. William Painter wa Baltimore alikipatia hataza Marekani tarehe 2 Februari 1892. Cha kwanza kilikuwa na meno 24. Hesabu ya sasa utapata 21. Ukikichambua kama dai, una: (a) kisahani cha chuma, (b) ukingo uliokunjwa mikunjo, (c) bitana laini ya ndani inayobana mdomo wa chupa (zamani ilikuwa ya koki, leo plastiki), na (d) ukingo huo kushika chini ya mdomo wa chupa. Idadi ya meno haimo katika sehemu hizo nne. Kama mtu angeandika "meno 24" ndani ya dai, mshindani angetengeneza chenye meno 21 akapita huru.

Kanuni yake ni hii, na wengi huigeuza. Kifaa chako kinagusa dai la mwenzako ikiwa kina sehemu ZOTE za dai hilo. Dai likiwa na a, b, c, d, nawe una a, b, c tu, kwa kawaida uko nje. Ukiwa na a, b, c, d kisha ukaongeza e yako, bado umo ndani, kuongeza hakukuokoi. Kwa upya, hati moja lazima ionyeshe sehemu zako zote ndipo iuue. Hati mbili zikiunganishwa zinaweza kuua hatua ya uvumbuzi, si upya.

HATUA YA 5: Andika dai lako

Hati unayowasilisha iwe ya Kiingereza, lakini fikiri kwanza katika lugha unayoimudu. Dai la sigiri yetu:

1. Sigiri yenye: (a) mwili ulio na tundu la hewa upande wa chini, (b) chungu cha moto ndani ya mwili, chenye sakafu ya matundu, (c) kikalio cha sufuria juu ya chungu, ambacho angalau sehemu yake moja hushuka kwa uzito wa sufuria, (d) kilango cha tundu la hewa, na (e) kiungo kati ya sehemu hiyo na kilango, kinachofungua kilango sufuria inapowekwa na kukiacha kijifunge inapoondolewa.
2. Sigiri ya dai la 1, ambamo kilango hurudishwa na springi.
3. Sigiri ya dai la 1, ambamo kilango hurudishwa na uzito wake chenyewe.

Tazama springi iko wapi. Fundi aliyejenga sampuli kwa springi huiandika dai la 1 bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo macho yake yanavyoona. Siku ya pili mwenzake wa Kisenyi anatundika kipande cha chuma badala ya springi, na shamba lote limeliwa. Kila sehemu ya dai la 1 iulize: nikiitoa hii, kitu bado kinafanya kazi? Kikifanya, ishushe dai la 2 au la 3.

Upana nao una hatari yake. Ukiandika tu "sigiri yenye kilango cha hewa", imekwisha. Vilango vya hewa ni vya kale. Udongo wa ndani pia ni wa kale, sigiri na majiko ya udongo yamejaa Afrika Mashariki. Upya wa mfano huu, kama upo, umekaa kwenye (c) na (e) pekee, kwa hiyo hizo mbili zisitoke kamwe.

Kwa Kiingereza, neno la kuunganisha ni "comprising", lenye maana ya "yenye hivi, na vingine vinaweza kuongezwa". Usiandike "consisting of", ambalo hufunga mlango: mshindani akiongeza kishikio tu, yuko nje ya dai lako.

HATUA YA 6: Maelezo na michoro

Maelezo yamwezeshe fundi mwingine kukijenga bila kukupigia simu. Andika unene wa bati, kipenyo cha fimbo, umbali ambao kikalio hushuka. Andika pia springi inakaa wapi na kwa nini: waya wa kawaida wa springi hulegea ukipita nyuzi joto 120 hivi, kwa hiyo iwekwe nje ya mwili, karibu na tundu ambako hewa baridi huingia. Kitu usichokiandika siku ya kuwasilisha huwezi kukiongeza baadaye katika ombi hilohilo.

Kwa vipimo fuata vya PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, vinakubalika kwingi. Karatasi ni A4. Kurasa za maandishi ziwe na pambizo ya sentimita 2.5 kushoto, na 2 juu, kulia na chini. Michoro iwe ya mistari myeusi, bila rangi, bila vipimo. Tarakimu zisiwe fupi kuliko sentimita 0.32. Muhtasari uwe maneno 50 hadi 150. Kilango kikiwa namba 14 kwenye mchoro wa 1, kiwe 14 hadi mwisho. Namba kugongana ni kosa dogo linalokula wiki nyingi za barua.

HATUA YA 7: Wasilisha, kisha anza kuhesabu

Ombi la Uganda hupelekwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali, Kampala. Ukitaka pia Kenya, Tanzania au Rwanda, ombi moja la ARIPO, shirika la miliki la nchi kadhaa za Afrika ambalo makao yake ni Harare, linaweza kutaja nchi zote hizo pamoja na Uganda. Kongo haimo ARIPO. Tangu siku ya kwanza ya kuwasilisha una miezi 12 ya kwenda nchi nyingine kwa kipaumbele hichohicho. Siku hiyo andika ukutani. Mtu binafsi raia na mkazi wa Uganda hupunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa ya PCT. Ada za kila mwaka zisiposhughulikiwa, haki hufa hata kama uvumbuzi ni mzuri.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Arua): Mwalimu, nimepata hataza ya China ya mashine ya kukuna muhogo. Nikiijenga hapa nitashtakiwa?

Jibu: Hataza hufanya kazi katika nchi ilikotolewa tu. Tafuta kama hati hiyo ina ndugu zake wenye herufi UG (Uganda), au AP (ARIPO) iliyotaja Uganda. Espacenet huonyesha familia yote ya hati. Kama iko CN (China) peke yake, kwa kawaida unaweza kujenga na kuuza hapa. Ukitaka kupeleka Kenya, angalia Kenya kwanza, maana kuingiza bidhaa huko nako ni kugusa haki. Na usije ukaiombea hataza wewe. Si yako wala si mpya.

Swali (Katwe): Nilishaweka video TikTok mwezi jana. Nimechelewa?

Jibu: Kilichoonekana kwenye video kimeshatoka, na katika nchi nyingi hakirudi. Itazame tena polepole. Kama inaonyesha sigiri kwa nje tu, na kiungo cha ndani hakionekani wala hukukieleza kwa mdomo au kwenye majibu ya chini, kiungo hicho bado kinaweza kuwa kipya. Umbo la nje lihesabu limeguswa. Ondoa video leo, lakini usijidanganye kwamba kuiondoa kunafuta tarehe. Chukua tarehe hiyo na nakala ya video, uende nazo kwa wakala wa hataza kabla hujalipa ada yoyote.

Swali (Mbale): Mimi natengeneza sabuni, si mashine. Dai linaandikwaje?

Jibu: Kwa viwango, na kila kiwango kiwe na nafasi. Ukiandika "mafuta ya shea asilimia 27", mwenzako ataweka 24. Andika "asilimia 20 hadi 35", kisha dai la 2 "25 hadi 30". Ila lazima uwe umepika na kupima karibu na 20, katikati, na karibu na 35, na matokeo yote uyaweke kwenye maelezo. Kiwango kisicho na majaribio kinaweza kukatwa na mkaguzi hadi kibaki kile ulichopima. Na mchanganyiko ambao bibi zetu wanautumia tangu zamani si mpya, hata ukiupima kwa mizani.

Swali (Jinja): Je, programu ya simu ya kugawa zamu za bodaboda?

Jibu: Mpango wa biashara wenyewe hauingii kwenye hataza. Msimbo wa programu unalindwa na hakimiliki, jina na nembo kwa alama ya biashara. Ukiwa na kifaa kipya kwenye pikipiki kinachofanya kazi na programu hiyo, hicho kiangalie peke yake.

Swali (Kasese): Mchomeleaji aliyenijengea sampuli anasema naye ni mvumbuzi. Ni kweli, ndugu?

Jibu: Kama alifuata mchoro wako, hapana, hata kama alichomelea usiku kucha. Kama kilango kilikuwa kinakwama na yeye ndiye aliyefikiria kuhamishia bawaba upande wa juu, na bawaba hiyo imo ndani ya dai, basi ni mvumbuzi wa sehemu hiyo na jina lake liingie (72). Kumficha kunaweza kuangusha hataza. Andikeni karatasi ya ukurasa mmoja sasa, kabla sigiri haijaanza kuuzwa: nani alifikiria nini, nani ni mmiliki, nani atalipwa kiasi gani. Wote wawili mtie sahihi na tarehe.