Ndege ya Dar itatua KIA saa ngapi? Hesabu ya dereva teksi

Naendesha teksi Moshi. Abiria akinipigia "ndiyo tunaruka Dar", siwashi gari hapohapo. Napiga hesabu kwanza, maana kukaa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, saa nzima ni kupoteza kichwa kingine mjini.

Kilomita za basi ziweke pembeni. Kwa barabara, Moshi hadi Dar ni kama 560, kwa sababu lami inazungukia Same, Korogwe, Segera, Chalinze. Ndege haina habari na Segera. Fungua Google Maps, bonyeza uwanja wa KIA na ushikilie mpaka alama nyekundu itokee, chagua kupima umbali, kisha sogeza ramani hadi uwanja wa Dar. Utapata kama kilomita 450. Pima uwanja kwa uwanja, siyo mji kwa mji. KIA yenyewe iko kama kilomita 40 kutoka Moshi.

Bando likiisha, natumia atlasi ya mwanangu. Digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111, na kwa kuwa tuko jirani na Ikweta, ya longitudo inakaribiana nayo. Kutoka KIA hadi Dar unashuka kusini digrii 3.45 na kwenda mashariki 2.1, yaani kilomita 383 na 233. Zipeleke kwa Pithagorasi, inarudi ileile 450 kasoro kidogo. Kwa safari za Ulaya usijaribu, kule longitudo zinabanana.

Sasa muda. Gawanya umbali kwa kasi: pangaboi, yaani ndege ya mapanga, weka kilomita 550 kwa saa, jeti 800, halafu ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jeti ya Dar inakuja saa moja na dakika nne hivi, pangaboi saa moja na dakika ishirini. Mimi kufika KIA ni kama dakika 50, kwa hiyo chai naimaliza.

Saa za tiketi ni za kizungu: 14:20 toa 6, ni saa 8 na dakika 20 mchana. Na saa ya kufika huandikwa kwa majira ya kule unakotua. Amsterdam wako nyuma yetu saa moja au mbili kutegemea msimu, kwa hiyo ukitoa saa ya kuondoka kule kwenye ya kufika KIA, safari itaonekana ndefu kuliko ilivyo.

Mwisho, soma herufi tatu za uwanja. JRO ni KIA, ARK ni kile kiwanja kidogo cha Kisongo, ng'ambo ya Arusha mjini. Kuna mama aliyetoka Zanzibar, dakika nilizipatia kabisa, nikasimama KIA na kibao chenye jina lake. Kumbe yuko Kisongo, amekalia sanduku juani. Nilipomfikia nikamwambia shikamoo. Marahaba ilikuja tumeshapita Usa River.