Kabla hujamwachia mtu akuchue

Nina fibromialjia, ugonjwa sugu wa maumivu ya mwili mzima, huu mwaka wa 9. Maumivu hayaishi, yanahamahama tu: leo shingo, kesho nyonga. Aliyenichua kwa kina mara ya kwanza alinikandamiza kwa kiwiko saa nzima na nusu, nami nikauma meno nikiamini kwamba yale maumivu ndiyo tiba. Siku 3 sikuweza kuinua birika la maji. Nakuandikia ili yasikukute.

Anza kwa daktari wako. Ukiwa unameza dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, uliwahi kuganda damu mguuni, mifupa yako imepungua nguvu, una mimba, au viungo vimevimba na vina joto, kukandamizwa kwa nguvu kunaweza kukuumiza vibaya. Subiri ruhusa yake. Na dawa zako endelea nazo. Kuchuliwa hakuondoi ugonjwa sugu. Tunachotafuta ni nafuu.

Mchuaji mzuri anakuhoji kabla hajakugusa: una ugonjwa gani, unatumia dawa gani, wapi pasiguswe. Anayekuahidi kupona, achana naye. Utasikia pia habari za Rolfing, njia ya Ida Rolf, mwanabiokemia wa Marekani, inayoshughulikia utando unaofunika misuli. Kwa kawaida huwa na mikao 10, yaani unakwenda kuchuliwa mara 10. Usilipie yote kwa mkupuo. Lipa mmoja, uone mwili unajibu nini.

Mkao wa kwanza usizidi dakika 30. Kubalianeni kipimo cha maumivu, 0 hadi 10, na umwambie mapema mwisho wako. Wangu ni 5. Ila kipimo ninachokiamini zaidi ni pumzi. Ninayekwenda kwake sasa huweka vidole chini ya mfupa wa bega, anatulia, hasukumi. Nikibana pumzi analegeza papo hapo. Baada ya muda pale palipokuwa pagumu kama kamba iliyokazwa panaanza kulainika, mkono wake unazama wenyewe bila nguvu. Hicho ndicho kina. Ukiona umekunja vidole vya miguu au unahesabu dakika ziishe, sema "punguza". Hakuna haja ya kuomba radhi, mwili ni wako.

Ukirudi nyumbani, siku hiyo usijipangie kazi. Halafu daftari: asubuhi 3 mfululizo andika ulilala vipi, maumivu ni ngapi, na ilikuchukua muda gani kukunja ngumi sawasawa. Kuuma kidogo kwa siku 1 au 2, kama mtu aliyelima, ni kawaida. Yakipita hapo, mkao ujao uwe mwepesi zaidi au uuache. Ganzi, mguu kuvimba au kifua kubana, hayo ni ya hospitali mara moja.

Fanya mikao 3 ndipo uamue, kwa kusoma daftari. Langu lilionyesha usingizi umeongezeka, maumivu ya nyonga yako palepale. Kwa hiyo nakwenda kila baada ya wiki 3, dakika 40, mabega na mgongo tu. Nyonga haziguswi.